Umbali wa Kuifikia Sayansi

Mhadhara kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa Kata ya Kisanga, Wilaya ya Kilosa

Nimeombwa nizungumzie mipango ya kuwaingiza watoto wa kike, na watoto wa vijijini kwa jumla, katika masomo ya sayansi na uhandisi. Nitaanzia hapa hapa tulipo, kwa sababu wilaya hii imezungukwa na kazi za wahandisi tangu enzi za mababu.

Wajerumani walianza kutandika Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Kilosa, ikafika Kigoma 1914. Baadaye likajengwa tawi la kutoka Kilosa kuja Mikumi na kuendelea hadi Kidatu. Kusini mwetu maji ya Ruaha Mkuu yanazungusha mitambo ya Kidatu, megawati 204, na umeme wake umekuwa ukiwasha taa za Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Miwa ya Kilombero inasagwa pande zote mbili za mto huo. Ukienda Kilosa mjini na kuvuka kidogo, unakuta kituo cha utafiti cha Ilonga, kinachofanya kazi tangu zama za mkoloni. Mahindi ya Staha, ambayo wengi wenu mmeyapanda, yalitoka pale. Na Agosti 2024 ilizinduliwa treni ya umeme hadi Dodoma. Inapita kwenye mahandaki yaliyotobolewa katika milima ya wilaya hii, si mbali na bonde la Mkondoa, mto ule uliosomba reli ya zamani na nyumba za watu katika mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010.

Sasa kila mmoja atazame ukoo wake. Nani alifanya kazi katika miradi hiyo, na kwa cheo gani? Mtanitajia vibarua, walinzi, wakata miwa, mama lishe waliopika nje ya uzio wa mkandarasi. Hizo ni kazi za halali na zimesomesha watoto. Mafundi mchundo mtawataja wachache, mafundi sanifu wachache zaidi, na mkifika kwa mhandisi mtaanza kutazamana. Mkifika kwa mhandisi mwanamke aliyezaliwa katika kata hii, nadhani mtanyamaza.

Nimekuja kusema jambo moja. Mtoto wa Kisanga haachwi nje ya sayansi kwa upungufu wa akili. Anaachwa na umbali. Kuna umbali wa kutoka nyumbani hadi shuleni, kuna wa kutoka kitabuni hadi kwenye kifaa anachoweza kukishika, kuna wa kutoka Kiswahili cha darasa la saba hadi Kiingereza cha kidato cha kwanza, na kuna wa kutoka cheti cha kidato cha nne hadi ofisi ya mhandisi. Kila mpango utakaoletwa hapa, uwe wa serikali au wa shirika, upimeni kwa kuuliza unapunguza umbali gani, na kwa mtoto yupi.

Historia ya nchi yetu inatufundisha kupima hivyo. Novemba 1974 chama kilipitisha Azimio la Musoma. Pamoja na mambo makubwa liliyoyaamua kuhusu elimu ya msingi kwa wote, liliamua pia kwamba kijana asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Kwanza afanye kazi miaka miwili, apate sifa njema kutoka kazini na kwenye tawi la chama, ndipo aombe nafasi. Nia ilikuwa nzuri: kupata wasomi wanaojua jasho la wananchi. Azimio halikutaja mwanamke hata mara moja kwa ubaya. Lakini miaka miwili kwa kijana wa kiume ilikuwa miaka ya kazi, na kwa msichana ilikuwa miaka ya kuposwa, kuolewa na kuzaa. Idadi ya wasichana waliokuwa wakiingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikaporomoka. Ilipofika 1976 serikali ikawaondolea wasichana sharti hilo. Hapo ndipo pa kujifunzia: kanuni inayowatendea wote sawasawa kwenye karatasi inaweza kumfungia mmoja mlango, kwa sababu njia ya kuufikia mlango huo haikuwa moja tangu mwanzo. Nawapongeza waliokuwa tayari kuirekebisha ndani ya miaka miwili. Makosa mengine katika elimu yetu yamekaa muda mrefu zaidi.

Sasa tuone mipango miwili iliyofanywa na vyuo viwili jirani, kwa kuwa inaonyesha njia mbili tofauti kabisa.

Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kumwongezea kila msichana anayeomba nafasi alama moja na nusu juu ya alama zake. Wasichana waliongezeka chuoni, na hilo ni jema. Leo Uganda ina mawakili, maofisa na walimu wanawake waliopita kwenye mlango ule. Lakini walioutazama mpango huo kwa makini waliona mambo mawili. Faida kubwa ilikwenda kwenye masomo ya sanaa, huku sayansi na uhandisi vikibaki nyuma. Na wengi walionufaika walitoka katika shule nzuri za mjini, familia zenye uwezo. Msichana wa kijijini ambaye shule yake haikuwa na mwalimu wa fizikia hakuwa na alama za kuongezewa. Moja na nusu juu ya sifuri ni moja na nusu, na haimfikishi kwenye uhandisi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho Kitivo chake cha Uhandisi kilianza 1973, kilichukua njia nyingine. Kwa miaka thelathini wasichana katika uhandisi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, Chuo cha Uhandisi na Teknolojia pale Mlimani kiliwaita wasichana waliofaulu masomo ya sayansi kidato cha sita lakini hawakufikia alama za kuchaguliwa moja kwa moja. Kikawaweka chuoni kwa wiki kadhaa kabla ya mwaka wa masomo kuanza, kikawafundisha hisabati, fizikia na kemia, kisha kikawapa mtihani. Aliyefaulu akaingia mwaka wa kwanza na kukaa darasa moja na wenzake wa kiume, mtihani mmoja, alama za kufaulu zile zile. Katika miaka michache sehemu ya wasichana miongoni mwa wanaoanza uhandisi ilipanda mara kadhaa.

Naupenda mpango ule kwa sababu ulikuwa wa kazi. Haukumwambia msichana kwamba yeye ni dhaifu na anahurumiwa. Ulimwambia: hukupata mwalimu, mwalimu huyu hapa, hukupata muda wa kusoma, wiki hizi ni zako, hakuna kuteka maji, hakuna kupika, kitanda hiki, chakula hiki, soma. Ukimwondolea binti wa kidato cha sita ndoo ya maji na sufuria kwa wiki kadhaa, utashangaa anavyoijua hesabu.

Kuna mtu mmoja Marekani aliyeona jambo la aina hiyo hiyo. Anaitwa Uri Treisman. Miaka ya 1970 akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliona wanafunzi weusi wanafeli hesabu za kalkulasi kwa wingi. Aliwauliza walimu sababu. Wakamwambia ni motisha ndogo, ni familia zisizojali shule, ni umaskini, ni msingi mbovu wa sekondari. Treisman hakuishia kwenye majibu hayo. Alichukua wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya China, akafuatana nao kwa muda mrefu, akiona wanavyosoma, wapi na pamoja na nani. Akagundua kwamba maelezo ya walimu hayakusimama. Wanafunzi weusi walikuwa na bidii na familia zao ziliwasukuma, ila walisoma kila mmoja peke yake chumbani. Wenzao walikaa vikundi, wakakaguliana kazi, wakabishana, wakajua mapema nani amekosea wapi. Basi akaanzisha vikundi vya kufanya maswali magumu pamoja, magumu kuliko yale ya darasani, na matokeo yakabadilika. Nimewaletea kisa hiki kwa sababu hapa kwetu pia tunayo majibu ya haraka. Tunasema wasichana hawapendi fizikia, wafugaji hawataki shule. Nani kati yetu amefuatana na mtoto mmoja kwa wiki moja tu kuona kinachomzuia?

Lakini hata mpango mzuri wa Mlimani ulimngoja msichana kwenye lango la chuo kikuu. Aliyefika pale alikuwa ameshamaliza kidato cha sita cha sayansi. Wa Kisanga wengi walishaachwa njiani zamani, na mahali walipoachwa panajulikana: ni mwisho wa kidato cha pili. Katika mtaala tuliozoea, hisabati na biolojia zilikuwa lazima hadi kidato cha nne. Fizikia na kemia mwanafunzi aliweza kuziacha anapoingia kidato cha tatu. Uamuzi huo hufanywa na mtoto wa miaka kumi na tano au kumi na sita, mara nyingi kwa siku moja, na mzazi hana habari. Anaacha fizikia kwa sababu mwalimu wake alikuwa wa kujitolea akaondoka, au kwa sababu rafiki zake wote wameacha, au kwa sababu kaka yake amemwambia hiyo ni ya wanaume. Siku hiyo uhandisi umekwisha, udaktari umekuwa mgumu, na chuo cha ufundi umeme kimesogea mbali. Miaka minne baadaye tunashangaa kwa nini hakuna wasichana wa kuwapa ufadhili.

Hebu tuingie maabara, tuone kwa karibu. Somo ni kupinda kwa mwanga. Vifaa ni rahisi mno: bloku ya kioo yenye umbo la mstatili, karatasi nyeupe, ubao laini, pini nne, rula na kipima pembe. Unaweka bloku juu ya karatasi, unachora pembezoni mwake kwa penseli. Unachomeka pini mbili upande mmoja. Kisha unainama mpaka jicho liwe sawa na meza, unatazama kupitia kioo, unatafuta mahali pa kuchomeka pini ya tatu na ya nne ili zote nne zionekane zimesimama mstari mmoja. Ukiinua bloku na kuunganisha vishimo vya pini, unauona mstari wa mwanga ulivyopinda ulipoingia kiooni na ulivyopinda tena ulipotoka. Umeuona kwa macho yako. Hakuna mwalimu wala kitabu kinachoweza kukunyang'anya.

Darasa lenye wanafunzi 60 na bloku mbili halifanyi hivyo. Linafanya vikundi viwili vya watu 30, na nimeona vikundi vya namna hiyo katika shule nyingi. Wavulana watatu wanaizunguka meza na kushika pini. Wengine wanachungulia mabegani. Msichana mwenye mwandiko mzuri anapewa daftari aandike vipimo wanavyomtajia. Mwisho wa kipindi yeye ndiye mwenye jedwali safi kuliko wote, na hajainama hata mara moja kutazama kupitia kioo. Hakuna aliyemfukuza. Mwalimu mwenyewe atakuambia alishiriki. Mradi wa FEMSA, ulioanza katikati ya miaka ya 1990 katika nchi nne, Tanzania ikiwamo, kwa ajili ya kuinua hisabati na sayansi kwa wasichana wa Afrika, uliyachunguza mambo ya aina hii ndani ya madarasa yetu. Dawa yake haihitaji fedha za wafadhili: mwalimu aandike zamu ubaoni, kila mkono ushike kifaa, na anayeandika leo asiandike kesho.

Vyumba vya maabara tunavyo, au tunavyo kiasi. Mnakumbuka mwaka 2012, Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia. Nchi nzima wananchi walichangishwa. Watu walitoa fedha, mawe, mchanga, tofali na nguvu zao, na kuna watendaji waliolala ofisini wakihofia tarehe ya mwisho. Wapo waliolalamika namna michango ilivyokusanywa, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini mimi nasema kuta zile ni mali kubwa ya umma, zimejengwa na watu wenyewe. Kilichochelewa ni kilichopaswa kuwa ndani yake: bomba la maji, meza, gesi, vifaa, na zaidi ya yote mtu wa kuvitumia.

Habari ya walimu wa sayansi inaniuma kusimulia. Mwaka 2014 serikali ilianzisha katika Chuo Kikuu cha Dodoma stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari. Iliwachukua vijana wa kidato cha nne waliofanya vizuri katika sayansi ili waje kujaza pengo la walimu katika shule kama za kata hii. Mei 2016 zaidi ya 7,000 kati yao walirudishwa nyumbani ndani ya siku chache, wakajaa vituoni na mabegi yao. Baadaye waliotimiza vigezo walipangiwa vyuo vya ualimu vya serikali. Kulikuwa na sababu za uendeshaji, kulikuwa na mabishano ya sifa, sitaki kuyafukua. Ninachojua ni kwamba mwalimu wa fizikia haandaliwi kwa mwaka mmoja, na mpango unaokatwa katikati hurudisha nyuma shule ambayo haikuwa hata na habari nao. Matokeo mnayaona. Katika mitihani ya kidato cha nne ya 2021 na 2022, waliofaulu hisabati nchini walikuwa kama mmoja katika kila watano. Hicho si kiwango cha akili cha taifa lolote duniani.

Niseme kidogo juu ya lugha. Mtoto wa hapa huanza na Kisagara au Kividunda, au Kimaasai kama ametoka boma, akajifunza Kiswahili, akasoma nacho sayansi miaka saba na kuielewa. Januari ya kidato cha kwanza anaambiwa aisome upya kwa Kiingereza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilishachapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kwa hiyo tusidanganyane kwamba Kiswahili hakina pa kuiweka kani au nishati. Mtihani ni wa Kiingereza na mtoto lazima aujue. Simwambii mwalimu avunje sera. Namwambia asimwadhibu mtoto anayeuliza swali kwa Kiswahili. Na ufundi haungoji Kiingereza: kule Kinyasini, Unguja, chuo cha Barefoot kimewafundisha akina mama wa vijijini, wengine hawajui kusoma, kuunganisha na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Mpango huo ulianzia Tilonia, Rajasthan, India. Wanafundishwa kwa mikono, kwa rangi na kwa kurudia, na wakirudi vijijini taa zinawaka. Mama yule anajua chanya na hasi, anajua saketi, anajua betri inakufa kwa nini. Ufundi wake ni sayansi kamili.

Na kuhusu kuuliza maswali, hatuna haja ya kwenda mbali. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, kule Lushoto, mwaka 1963, wakitengeneza aiskrimu shuleni. Nafasi kwenye friza ilikuwa inakwisha, naye akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa, na jina lake likawa mzaha wa darasa kila anapokosea. Kisha akaja mgeni kutoa mhadhara, Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na Mpemba akasimama mbele ya wenzake akauliza lile lile. Wakacheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba maji ya moto yameganda kwanza, lakini akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia, na hadi leo wanasayansi wa dunia wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la Mtanzania huyu, ambaye baadaye alifanya kazi ya wanyamapori. Mpemba alikuwa mvulana, katika shule yenye friza. Msichana wa nyuma ya darasa la watu 60, akichekwa mara moja, hatauliza tena. Walimu wangu, nawasihi kwa heshima zote: mtoto asichekwe.

Sasa umbali wenyewe wa miguu. Wazazi wa vitongoji vya mbali mnajua binti anaamka saa ngapi, anapita wapi, na msimu wa mvua korongo linajaa kiasi gani. Mnajua pia kwamba tembo wa Mikumi hawasomi ratiba ya shule. Wengine mmewapangia vyumba karibu na shule, yale tunayoita mageto, msichana wa miaka kumi na minne anajipikia, anajilinda, anajisomea. Na wote mnajua lifti ya bodaboda inavyoanza: leo bure, kesho bure, siku ya tatu ina bei. Msichana akipata mimba tunamlaumu yeye. Kuanzia Novemba 2021 serikali imeruhusu kwa waraka aliyekatisha masomo kwa ujauzito arudi katika mfumo rasmi wa shule, na naomba familia ziutumie waraka ule badala ya kumficha binti jikoni. Lakini hosteli ni bora kuliko waraka. Hosteli yenye kitanda, mlezi wa kike anayelala hapo hapo, taa, maji, taulo za kike na chakula cha jioni ni maabara ya kwanza ya msichana. Fizikia husomwa usiku, na inasomwa na mtu aliyeshiba na asiye na hofu.

Serikali inalijua hili. Kupitia mradi wa kuboresha elimu ya sekondari uitwao SEQUIP, ulioanza kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 ulioidhinishwa mwaka 2020, zimejengwa shule za bweni za sayansi za wasichana, lengo likiwa shule 26, moja kila mkoa. Na toka zamani mkoa wetu una shule ya wasichana ya Kilakala, ambako wasichana wenye vipaji wamesoma sayansi kwa miaka mingi. Nazisifu shule hizi bila kusita. Lakini nasema pia, na ningependa viongozi wanisikie: shule moja ya mkoa huwachukua wanaong'aa tayari. Msichana mwenye uwezo wa kati, yule ambaye akipata mwalimu atakuwa fundi sanifu mzuri wa umeme au mtaalamu wa maabara wa zahanati, anabaki katika shule ya kata. Nchi hujengwa na wa kati wengi kuliko na wa juu wachache. Bloku za kioo na pini ziende kwake pia.

Huwa naulizwa: na wavulana je? Swali ni halali. Mvulana anayeacha shule kwenda kukata miwa au kuendesha pikipiki ya mtu naye amepotea. Mtoto wa mfugaji anayehama na ng'ombe kiangazi, akirudi anakuta darasa limeshafika mada nyingine, naye yuko mbali, na katika wilaya iliyowahi kumwaga damu kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji, kuwakalisha watoto wao meza moja ya maabara kuna maana kubwa kuliko mtihani. Mtoto asiyeona vizuri huachishwa sayansi bila hata kupimwa macho. Zamu za vifaa, hosteli na mwalimu wa kudumu vinawafaa wote hawa. Tumeanza na msichana kwa sababu kila umbali tulioutaja, kwake yeye huwa mrefu zaidi.

Wanaovuka hadi juu sasa wana mikono ya kuwashika. Ada ya sekondari iliondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Kuna Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofaulu vizuri zaidi sayansi kidato cha sita, ikiwalipia masomo ya chuo kikuu bila deni. Baada ya shahada bado kuna hatua moja: mhitimu lazima afanye kazi chini ya mhandisi mzoefu, kwa kawaida miaka mitatu, kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamsajili. Tangu 2003 Bodi ina mpango wa kuwaweka wahitimu kazini na kuwapa posho kwa kipindi hicho, na kuanzia 2010 Norway ilifadhili nafasi za wanawake ndani yake, kwa sababu wengi walikuwa wanamaliza shahada na kupotea hapo hapo. Na kwa asiyetaka njia ndefu ya chuo kikuu, VETA ipo Mikumi, karibu kabisa, na mtaala mpya umefungua mkondo wa amali tangu sekondari. Msichana anayejua kuchomelea au kufunga umeme hakosi kazi kwenye njia ya kwenda Kidatu.

Nimalizie na mambo ya kata hii, ambayo hayangoji mfadhili. Bodi za shule ziweke utaratibu kwamba mwanafunzi hawezi kuacha fizikia wala kemia mpaka mzazi wake aitwe na aelezwe anaacha nini. Fedha ya kwanza itakayopatikana iende hosteli, na ya pili kwa mwalimu wa sayansi wa kujitolea apewe chumba na chakula asiondoke katikati ya muhula. Wahitimu wa kidato cha sita wanaokaa nyumbani wakisubiri kupangiwa vyuo wapewe vikundi vya jioni, wawafanyishe wadogo zao maswali magumu pamoja. Na ninyi wazazi wa kidato cha nne: matokeo hutoka Januari. Miezi inayofuata TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha tahasusi kwenye mfumo wa Selform, na linafungwa kwa tarehe. Watoto wengi waliofaulu fizikia na hisabati hubaki kwenye tahasusi ya HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) waliyoijaza wakiwa na wasiwasi kabla ya mtihani, kwa sababu tu hawakujua wanaweza kubadilisha, au hawakuwa na simu yenye intaneti. Walimu wa taaluma wa kata hii wabandike tarehe hiyo kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji, na siku zote za dirisha hilo kompyuta ya shule iwe wazi kwa mtoto yeyote, hata aliyemaliza mwaka uliopita.